Garand ya Yokosuka: Wajapani waliweza chuma, klipu ikawashinda

Ukiiona kwa mbali utasema ni M1 Garand, bunduki ya askari wa Marekani inayojikoki yenyewe baada ya kila risasi. Mbao ni ileile nene, mtutu umechomoza mbele ya mbao kwa kiasi kilekile, na fimbo ya pistoni imelala upande wa kulia pamoja na kishikio chake cha kukoki. Ukisogea ndipo tofauti zinajitokeza. Chini, mbele kidogo ya triga, kuna boksi la chuma limetoka nje ya mbao, na Garand haina boksi hilo. Juu, sehemu ya nyuma ya risiva, yaani mwili wa chuma ambamo bolti (chuma kinachofunga nyuma ya risasi) inakwenda na kurudi, imechongwa mfereji wa kusimamishia klipu, kibanio cha bati, ya risasi tano. Kilengeo cha nyuma si kile kitundu cha Kimarekani chenye vitasa viwili vya kuzungusha, ni kibao cha kuinua kwa mtindo wa Arisaka, bunduki ya kawaida ya askari wa Kijapani. Na ukijaribu kuingiza risasi ya Kimarekani ya .30-06 kwenye chemba, kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu, bolti haitafunga.

Hii ndiyo Type 5, ambayo vitabu vingine huiita Type 4. Mkanganyiko wa namba unatokana na desturi ya Wajapani kuzipa silaha tarakimu za mwisho za kalenda yao ya kifalme. Arisaka Type 99 ni ya mwaka 2599, yaani 1939. Kazi ya bunduki hii ilianza mwaka 1944, ambao kwao ulikuwa 2604, na ilikusudiwa kuingia kazini mwaka 1945, yaani 2605. Bunduki ni moja, majina mawili. Ilitengenezwa katika kiwanda cha silaha cha jeshi la majini huko Yokosuka, kwenye ghuba ya Tokyo, na vita vikaisha kabla haijamfikia askari hata mmoja wa mstari wa mbele.

Wengi wanaoiandika habari yake huishia kwenye kicheko: Wajapani waliiga Garand, ikawashinda, basi. Mimi nadhani mambo ni tofauti. Chuma walikiweza. Risiva, bolti na fimbo ya pistoni vilitoka vizuri kuliko unavyotarajia kwa nchi iliyokuwa imezingirwa baharini. Kilichowatesa ni vitu ambavyo venia, kile kipimo cha fundi, haivipimi: umbo la risasi, kazi ya klipu, tabia ya baruti, na moto wa tanuri.

Walikoanzia

Jeshi la Marekani liliipitisha Garand mwezi Januari 1936, na bunduki hiyo ikaingia vita vikubwa kwa mara ya kwanza Ufilipino. Bataan ilipoanguka tarehe 9 Aprili 1942, na Corregidor tarehe 6 Mei, Wajapani walipata Garand mikononi mwao. Askari wao walikuwa wakitumia Arisaka, bunduki ya kukoki kwa mkono baada ya kila risasi, yenye magazini ya risasi tano. Mpinzani alikuwa na risasi nane na hakuhitaji kuondoa shavu kwenye kitako.

Lakini si kweli kwamba Japani ilizinduka siku hiyo kuhusu bunduki za nusu-otomatiki, yaani zinazojikoki zenyewe. Katika miaka ya 1930 jeshi la nchi kavu lilikuwa limekwisha kujaribu nakala za bunduki mbili za kigeni kwa risasi yake ya milimita 6.5. Moja ilikuwa ya John Pedersen, Mmarekani aliyeshindana na Garand mwenyewe. Bolti yake ilikunjika juu kama goti. Nyingine ilikuwa ZH-29 ya Kicheki, ya Emanuel Holek, ambayo bolti yake hufunga kwa kuegemea upande. Nakala hizo zilipita majaribio, zikarekebishwa, zikarudishwa tena, hadi vita na China vilipopamba moto mwaka 1937 na viwanda vikaambiwa vitengeneze kinachojulikana. Bunduki ya kukoki kwa mkono ikabaki.

Hii Type 5 haikuwa kazi ya jeshi la nchi kavu. Ilikuwa ya jeshi la majini, lililokuwa na vikosi vyake vya kutua pwani, karakana zake, na hata risasi zake. Majeshi hayo mawili ya Japani yalikuwa yakigombea chuma na mashine kama wake wenza, na kila moja lilipenda kufanya mambo yake peke yake.

Kuhusu risasi, hebu tusimame kidogo, maana hapo ndipo penye kiini cha habari yote. Kufikia mwaka 1944 Japani ilikuwa na risasi tatu tofauti zilizoitwa zote 7.7. Ya kwanza ilikuwa ya Type 99, yenye ganda la milimita 58 lisilo na ukingo uliochomoza. Ya pili ilikuwa ya bunduki za rashasha za Type 92 za nchi kavu, ganda lilelile lakini lenye ukingo mdogo. Ya tatu ilikuwa ya jeshi la majini, kwa ajili ya nakala zao za rashasha ya Lewis na rashasha za ndege, na hiyo haikuwa kitu kingine ila .303 ya Mwingereza. Yaani askari wetu wa Keya (King's African Rifles) waliopigana Bama (Burma) na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944 walibeba kwenye mikanda yao risasi ambayo jeshi la majini la Japani lingeweza kuitumia kwenye rashasha zake. Waliokuwa wakiwarushia risasi ng'ambo ya pili, askari wa nchi kavu wenye Arisaka, wasingeweza.

Kwa nakala ya Garand, Yokosuka walichagua ya kwanza, 7.7x58 ya Type 99. Lilikuwa chaguo la maana. Kitako cha ganda lake kina kipenyo cha karibu milimita 12, sawa na .30-06, kwa hiyo uso wa bolti ya Garand hauhitaji kuguswa. Ganda ni fupi, milimita 58 dhidi ya 63. Risasi nzima ina milimita 80 hivi, wakati ya Kimarekani inakaribia 85. Ukiweka risasi fupi kwenye risiva iliyochorwa kwa ndefu, una nafasi ya ziada, na nafasi ya ziada unaweza kuijaza. Kinyume chake ni balaa, na nitarudi kwenye hilo.

Kwa nini klipu si kipande cha bati tu

Hatua ya kwanza ilikuwa ya akili: chukua Garand iliyotekwa, uivishe mtutu wa 7.7, uone. Bunduki ilipiga. Tatizo likawa klipu. Risasi za Kijapani hazikukaa na kutoka kwenye klipu ya Garand inavyotakiwa.

Asiyeifahamu Garand anaweza kudhani hilo ni jambo dogo, utakunja bati jingine yaishe. Sivyo. Kwenye Arisaka au Mauser, klipu ni kibanio tu: unaisimamisha juu ya risiva, unasukuma risasi kwa kidole gumba, klipu inabaki nje. Kwenye Garand, klipu inaingia ndani ya bunduki pamoja na risasi zake nane na kukaa humo hadi risasi ya mwisho itoke, kisha inarushwa nje kwa ule mlio maarufu. Midomo ya klipu ndiyo inayoamua risasi inasimama kwa pembe gani mbele ya bolti. Risiva yenyewe haina midomo ya magazini. Kwa maneno mengine, kila baada ya risasi nane Garand inapewa midomo mipya kutoka kiwandani, midomo ambayo imekunjwa kwa urefu, unene na mteremko wa ganda moja tu duniani.

Sasa angalia kilichoko chini ya klipu. Garand ina springi moja ndefu inayofanya kazi mbili. Inarudisha fimbo ya pistoni mbele, na wakati huohuo, kupitia fimbo ndogo na mkono wa wenzo, inasukuma risasi juu. Pamoja nayo kuna kiongozi cha risasi, kikamata fimbo kinachozuia bolti isirudi mbele bunduki ikiwa tupu, kitasa cha klipu, na springi ya kuirusha klipu nje. Ni kazi maridadi ya John Garand, lakini kila kipande kinamtegemea mwenzake. Ukibadilisha urefu wa risasi kwa milimita tano, hujabadilisha kitu kimoja, umegusa mnyororo mzima.

Na kama kuna mtu anafikiri Wamarekani wenyewe waliuweza mnyororo huo bila jasho, kuna kisa cha risasi ya saba. Mwaka 1939, bunduki zikiwa tayari zinatoka kiwandani Springfield, ilibainika kuwa risasi ya saba kati ya nane hukwama: pua inanyanyuka vibaya na bolti inaibana. Chanzo kikapatikana ndani ya risiva. Kuna ukingo mwembamba wa chuma unaoongoza klipu na risasi, na mashine za uzalishaji zilikuwa zimeukata kupita kiasi. Bunduki za mfano, zilizotengenezwa kwa mkono, hazikuwa na kasoro hiyo, ndiyo maana majaribio hayakuigundua. Uchongaji ukarekebishwa, na risiva zilizokwisha kutengenezwa zikaongezewa chuma kwa kulehemu. Kumbuka hawa ni watu waliokuwa na michoro yote, mbunifu mwenyewe yuko ghorofa moja nao, na hakuna bomu linalowaangukia.

Boksi la risasi kumi

Yokosuka waliamua kuachana na klipu ya Garand kabisa. Wakaweka magazini isiyotoka, yenye kuchukua risasi kumi, inayojazwa kutoka juu kwa klipu mbili za tanotano za Arisaka. Kwangu hili ndilo jambo la busara kuliko yote katika mradi huu. Risasi za Type 99 zilikuwa zikifungwa tayari kwenye klipu za tano, kuanzia kiwandani hadi kwenye vifuko vya ngozi vya askari. Kuanzisha klipu ya nane kungehitaji mashine mpya za kukunja chuma cha springi, masanduku mapya, na watu wa kufunga upya kila risasi iliyokuwa ghalani. Kwa nchi ambayo meli zake za mizigo zilikuwa zinazamishwa kila wiki, hiyo ilikuwa ndoto.

Uamuzi huo uliwafutia kundi zima la vipuri vigumu: mkono wa wenzo, fimbo yake ndogo, kitasa cha klipu, kirusha klipu. Mahali pake pakaingia boksi lenye springi yake na kibao cha kunyanyulia risasi, kitu ambacho fundi yeyote wa Arisaka alikifahamu. Boksi la risasi kumi katika safu mbili halikuweza kufichika ndani ya mbao, ndiyo sababu linachungulia chini.

Lakini dawa ilikuja na maradhi yake. Midomo ya klipu ilipoondoka, bunduki ilihitaji midomo mingine ya kudumu ya kushika risasi mbele ya bolti. Midomo hiyo ilibidi ibuniwe upya, kwa sababu Garand haikuwa nayo, na hakuna unachoweza kunakili pale ambapo hapana kitu. Ilibidi iruhusu risasi zishuke zinaposukumwa kwa kidole kutoka juu, halafu izizuie zisiruke nje bolti inaporudi nyuma, halafu iziachie kwa pembe sahihi bolti inapokwenda mbele. Mambo hayo matatu yanavutana. Ukilegeza midomo ili ujazaji uwe mwepesi, risasi ya juu inaruka. Ukiibana, risasi inachelewa na pua inagonga chini ya mdomo wa chemba. Kwenye bunduki ya kukoki kwa mkono askari husikia kigugumizi na kusukuma taratibu zaidi. Bolti inayosukumwa na springi haina masikio.

Kasi nayo ni jambo la kufikiria. Springi ya magazini ya Arisaka ilikuwa inasubiri mkono wa binadamu: inua, vuta, sukuma, una muda mrefu. Kwenye Garand bolti inakwenda na kurudi katika sehemu ndogo ya sekunde, na katika muda huo risasi kumi zilizopangwa kwa safu mbili lazima zipande milimita kadhaa na kutulia. Magazini ikiwa imejaa, springi imebanwa lakini inasukuma mzigo mzito. Ikikaribia kwisha, mzigo ni mwepesi lakini springi imelegea. Kupata springi inayofaa pande zote mbili ni kazi ya kujaribu na kupiga risasi maelfu. Yokosuka hawakuwa na muda huo wala risasi hizo. Taarifa zilizobaki kuhusu majaribio zinataja kukwama na ulishaji mbovu, na ndivyo nilivyotarajia.

Gesi, baruti na fimbo iliyopinda

Garand za mwanzo zilikuwa zinakamata gesi mdomoni mwa mtutu kwa kikombe maalumu. Karibu bunduki 50,000 zilitoka hivyo kabla ya mpango huo kubadilishwa mwaka 1940, na mtutu ukatobolewa tundu dogo upande wa chini, karibu na mdomo. Mpango wa pili ndio ulionakiliwa Yokosuka. Gesi inapita tunduni, inasukuma pistoni, na pistoni ni ncha ya fimbo ndefu inayorudi nyuma hadi kwenye bolti na kuizungusha ili masikio yake mawili, vile vinundu vya kuifungia, yatoke kwenye vifungio.

Fimbo hiyo imepinda makusudi, ili iupite ubao na mtutu. Anayeiangalia mara ya kwanza hudhani ilikanyagwa na gari. Upindo huo ni sehemu ya kipimo: ukizidi, fimbo inasugua mbao, ukipungua, inaruka kwenye mfereji wake.

Kinachoiendesha ni presha ya gesi pale tunduni, mwishoni kabisa mwa mtutu, wala si ile presha kubwa ya kwenye chemba. Presha hiyo inategemea baruti inaungua haraka kiasi gani. Risasi ya kawaida ya Kimarekani ya wakati huo, M2, ilikuwa na kichwa cha gramu 9.8 kilichotoka kwa takriban mita 850 kwa sekunde. Ile ya Type 99 ilikuwa na kichwa kizito zaidi, gramu 11.8 hivi, na mwendo wa mita 730. Hata kama presha za chemba zingelingana, presha ya tunduni isingelingana. Kwa hiyo aliyetoboa tundu kwa kipimo cha Garand iliyotekwa alikuwa amenakili jibu la swali jingine. Tundu likiwa dogo kuliko inavyotakiwa, bolti inarudi nusu njia, ganda halitoki, au linatoka lakini risasi mpya haichukuliwi. Likiwa kubwa, bolti inagonga nyuma ya risiva kwa nguvu na fimbo inaanza kunyooka mahali isipotakiwa kunyooka. Wenye Garand leo wanalijua hili: ukiipa risasi yenye baruti ya kuungua polepole, fimbo inapinda, na bei ya fimbo halisi si ya mchezo.

Moto hauonekani kwenye venia

Tuseme umepewa Garand mbili zilizotekwa, venia nzuri, na wachoraji stadi. Unapata nini? Unapata vipimo vya bunduki mbili. Mchoro wa kiwanda unasema kipimo fulani kinaweza kuzidi au kupungua kiasi gani, na wapi hakiruhusiwi kuyumba hata kidogo. Bunduki iliyo mezani haikuambii hayo. Inaweza kuwa imesimama kwenye ukingo wa juu wa kinachoruhusiwa, au imelika kwa kutumika Bataan. Ukiichukua kama kipimo cha katikati, halafu mashine zako ziyumbe kidogo upande uleule, nusu ya vipuri vyako haviingiliani. Ongeza na hili, kwamba Garand yote ilichorwa kwa inchi, na Japani ilifanya kazi kwa milimita. Kila namba ilibidi igeuzwe, na kila aliyeigeuza alilazimika kuamua aikate wapi.

Vipimo vinaweza kurekebishwa kwa kutengeneza, kuvunja na kutengeneza tena. Ugumu wa chuma ni jambo jingine. Sikio la bolti linatakiwa liwe gumu juu lisilike, na lainilaini ndani lisivunjike. Hilo linapatikana kwa aina ya chuma, joto la tanuri, na namna ya kuzimisha. Springfield wenyewe waliwahi kuchomeka hapo. Bunduki zao za M1903 zenye namba chini ya 800,000 zinaogopwa mpaka leo, kwa sababu wahunzi walikuwa wakikisia joto la chuma kwa rangi yake. Siku ya jua kali, chuma chekundu huonekana hafifu, mhunzi anaongeza moto, risiva inaungua na kuwa kama gilasi. Ilibidi ziwekwe geji za joto na kubadilishwa namna ya kukomaza chuma.

Yokosuka mwaka 1945 walikuwa na geji, lakini walikuwa na uhaba wa nikeli na kromi. Ukitaka kuona hali ilivyokuwa, tazama Arisaka za mwaka huo: zile za mwanzo za Type 99 zilipakwa kromi ndani ya mtutu na kupewa kilengeo cha kuinua chenye vibawa vya kulengea ndege; za mwisho zina kitundu kisichosogea, kibao cha mbao badala ya chuma kwenye kitako, na mtutu mtupu. Nchi iliyokuwa inaondoa kromi kwenye bunduki ya kukoki kwa mkono ilikuwa inajaribu kutengeneza risiva ya Garand, kipande ambacho kinachongwa kwa hatua nyingi kutoka kwenye donge moja la chuma na kuacha sakafuni vumbi la chuma jingi kuliko kinachobaki mkononi.

Matokeo: makadirio ya kawaida ni bunduki 250, na sehemu ya hizo zilibaki vipuri ambavyo havikuunganishwa. Zipatazo 20 zilizokamilika zilichukuliwa na Washirika Yokosuka baada ya Japani kusalimu amri. Kwa kulinganisha, Springfield na Winchester kwa pamoja zilitoa takriban Garand milioni nne katika kipindi cha vita.

Wamarekani nao

Nilisema risasi ndefu kwenye mwili mfupi ni balaa. Ushahidi unatoka Marekani yenyewe, wakati huohuo. Waliipenda rashasha ya Kijerumani ya MG42, wakawapa Saginaw, tawi la General Motors, kazi ya kuigeuza itumie .30-06. Ikaitwa T24. Ganda la Kijerumani lina milimita 57, la Kimarekani 63. Tofauti ni milimita sita. Wahandisi hawakuirefusha risiva na mwendo wa bolti vya kutosha, na tundu la kutolea maganda likabaki fupi. Kwenye majaribio ya mwaka 1944, yaliyopangwa kufika risasi 10,000, kazi ilisimamishwa baada ya karibu 1,500, ikiwa imekwama mara 50 hivi. Mradi ukafa. Saginaw walikuwa na nikeli, umeme, usingizi wa kutosha, na mashine bora duniani. Yokosuka, kwa kuchagua risasi fupi kuliko ya asili, walikuwa wameliepuka kosa hilo tangu siku ya kwanza. Watu wanaowacheka Wajapani huwa hawaitaji T24.

Wajerumani walifanya vizuri zaidi kwa sababu walinakili kidogo. Bunduki yao ya nusu-otomatiki, Gewehr 41, ilikuwa imebebeshwa sharti la kutotoboa mtutu, ikakamata gesi mdomoni, ikawa nzito na chafu. Walipoteka SVT-40, bunduki za Kisovieti za Tokarev, huko mashariki, kiwanda cha Walther hakikuiga bunduki nzima. Walichukua mpango wa gesi tu, pistoni fupi juu ya mtutu, wakaupachika kwenye bolti yao wenyewe waliyokwisha kuifahamu. Gewehr 43 ikatoka, na ikatengenezwa kwa mamia ya maelfu. Kila kitu kingine, risasi, chuma, vifungio, kilikuwa cha nyumbani.

Ukikutana nayo

Zilizosalia ziko zaidi Marekani, kwenye makumbusho na kwa wakusanyaji wachache. Anayetaka kuitambua kwenye picha aanze na boksi la magazini, kisha mfereji wa klipu juu ya risiva, kisha kibao cha kilengeo. Vitatu hivyo viwe pamoja. Garand ya kawaida iliyovishwa kilengeo cha Arisaka si Type 5, na Garand iliyowekewa mtutu wa 7.7 pia siyo. Mfereji wa klipu ndio mgumu zaidi kughushi, kwa sababu unatakiwa uwe sehemu ya risiva yenyewe na si kipande kilicholehemiwa juu, hivyo mtazame ulipo mwanga wa pembeni.

Vipuri vya Garand usivitegemee. Bolti na fimbo vinafanana kwa macho, lakini vilichongwa kwa michoro ya Yokosuka na vikakazwa kwa moto wa Yokosuka, na kuna bunduki ambazo hazibadilishani vipuri hata na nyingine za karakana ileile. Kuipiga risasi ni upuuzi: fimbo ikipinda hakuna nyingine, na ugumu wa masikio ya bolti haujulikani mpaka siku yanapokatika. Klipu za tanotano za Type 99, ambazo bado zinapatikana kwa bei ya kawaida, zinaingia kwenye mfereji wake bila shida. Kwa anayeishika bunduki hii kwa mara ya kwanza, kuisimamisha klipu tupu hapo na kuangalia midomo ya magazini iliyoko chini yake kunamwonyesha mahali hasa wahandisi wale walipokuwa wakihangaika Agosti 1945 ilipowakuta.